Mgonjwa Aliyejua Majibu Yote

1.

...na macho yake, jamani, yalikuwa ya manjano mpaka Zuhura akasahau kumsalimia.

"Hata shikamoo hakuna?" mzee akamtania.

TANGAZO
Wanafunzi wote wa udaktari, mwaka wa tatu, wanakumbushwa kuchukua historia kamili ya mgonjwa mwenye umanjano na kuiwasilisha Alhamisi, kwenye raundi ya madaktari wodini. Fomu yenye nafasi tupu haitapokelewa.

2.

Mgonjwa mwenye umanjano alikuwa mmoja tu. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne. Haya, msomaji, piga hesabu mwenyewe mzee wa watu aliulizwa mara ngapi.

3.

Fomu ya Zuhura Kimweri, Jumatatu.

Jina: Gervas Mapunda
Umri: sitini na kitu ("Andika na nne, inatosha.")
Kazi: fundi viatu
Macho yamebadilika tangu lini: wiki tatu. Au nne.
Mkojo: kama chai ya rangi
Choo: cheupe
Kuwashwa: sana, hasa nyayo
Kupungua mwili: ametoboa mkanda matundu mawili mapya
Maumivu:

4.

Hapo.

Alipomuuliza kuhusu maumivu, mzee alisema "mh", ile mh ya mtu ambaye bado anafikiri. Chini ya neno lile fomu ilikuwa na mistari minne: yalianzia wapi, yanaelekea wapi, yanazidi lini, yanapoa kwa kitu gani. Mistari minne mitupu! Machozi yakamlengalenga Zuhura.

"Yanauma hapa juu, kulia, si ndiyo mzee? Yanakuja na kuondoka?"

Mzee akamtazama, akaitazama kalamu inayosubiri juu ya mstari.

"Ndiyo, binti. Yanakuja na kuondoka."

Akaandika mbiombio, mistari yote minne. Jioni akampelekea machungwa mawili, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

5.

Kwenye ngazi, Jumatano, wanafunzi wawili:

"Umeshamfikia wa kitanda cha tisa? Unauliza neno moja, anakupa ukurasa."

"Mimi kaniambia maumivu yanapanda begani."

"Begani? Mbona mimi kaniambia mgongoni?"

"Kwani ulimuulizaje?"

"Nilimuuliza kama yanakwenda mgongoni."

6.

Mzee Mapunda mwenyewe anasema:

Nyie mnaosoma msinilaumu. Watoto wa watu wanakuja wanatetemeka. Ukisema hapana, wanabaki wanakukodolea macho. Ukisema ndiyo, wanaandika, wanashukuru, wanaondoka wanacheka. Kumsaidia mtoto afaulu kuna ubaya gani? Mmoja aliniuliza kama nina homa, nikamwambia ipo kidogo. Kesho yake nikaisikia kweli, nikaomba blanketi.

Sasa sijui. Kweli sijui.

7.

Alhamisi, saa tano unusu. Daktari bingwa, Dokta Nyakunga, mama mfupi mwenye sauti ya kuitisha mkutano, kasimama miguuni pa kitanda cha tisa.

"Picha inaonyesha mrija wa nyongo umeziba. Umezibwa na nini, haionyeshi. Kama alianza kwa maumivu na homa, nawaza jiwe: anabaki hapa, tunampa dawa, tunasubiri. Kama alikuwa manjano kimyakimya, bila maumivu, nawaza uvimbe: anapanda gari la rufaa leo saa sita. Nafasi imebaki moja. Gari jingine ni baada ya wiki tatu, na uvimbe hautusubiri sisi."

Akapekua fomu. Moja. Ya pili. Ya saba. Ya kumi na nne.

"Wote mmeandika maumivu. Safi sana. Anabaki."

Anabaki.

Anabaki?

8.

Muhula uliopita Dokta Nyakunga alimrudisha mwanafunzi mwaka mzima kwa kosa la kumlisha mgonjwa maneno, na nyumbani kwao Zuhura walishaanza kumwita daktari tangu siku barua ya chuo ilipofika. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Wenzake walikuwa wanatazama viatu vyao, kila mmoja na vyake, na aliogopa, aliogopa sana, kuliko hata...

"Samahani, dokta. Yale maumivu nilimpa mimi."

"Ulimpa?"

"Nilimwekea jibu mdomoni. Siku ya kwanza. Nadhani wenzangu wameyakuta tu."

Mtu alicheka, kisha akajikohoza. Dokta Nyakunga hakucheka wala hakufoka. Alitazama saa.

"Wewe na mimi tutaongea baadaye. Sasa muulize upya, na umuulize vizuri."

9.

Zuhura akainama mpaka akafikia usawa wa mto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari wangu."

"Naomba utusahau sisi wote. Siku ile macho yalipoanza kubadilika, upo nyumbani, hujaja huku. Mwilini ulikuwa unasikia nini?"

Mzee akafumba macho. Akaweka mkono tumboni upande wa kulia. Akausogeza katikati. Akauondoa. Akaurudisha. Alikuwa anatafuta kwa dhati, hata jasho lilimtoka. Nje dereva wa rufaa akapiga honi mara mbili.

Zuhura alitaka kumsaidia. Mungu wangu, alitaka! Akauma midomo.

Mzee akafumbua macho yake ya manjano, akamtupia jicho Dokta Nyakunga, kisha akamsogelea Zuhura na kumnong'oneza kwa upole, kama mtu anayekutoa aibu mbele za watu:

"Niambie tu, mwanangu. Jibu la kufaulu ni lipi?"