Mashine Iliyoamkia Ardhi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Kilwa, kwenye shamba la mihogo la mama mkwe wangu, Bi Somoe, nimeshika mashine yangu ya kutafutia vyuma ardhini. Hilo peke yake si ajabu. Hata nikiwa macho, kila tukitoka Lindi kwenda kumsalimu, nalipitia shamba lile na mashine, nikitafuta sarafu za shaba za masultani wa zamani. Bi Somoe haoni maana yake. Amewahi kumwambia mke wangu, Siwema, nami nasikia, "Mumeo anatembea mashambani kama mtu aliyeangusha ufunguo."

Katika ndoto mashine haikulia kama ilivyozoea. Ilisema, "Shikamoo."

Chini ya udongo sauti nyembamba ikajibu, "Poa."

Nikachimba. Kilikuwa kizibo cha soda.

"Hicho kitoto," mashine ikaniambia. "Usichoshe jembe."

Basi nikaelewa utaratibu, na mle ndotoni ulikuwa utaratibu wa kawaida kabisa. Mashine inaamkia ardhi, na kila kilichofukiwa kinajulikana umri wake kwa jibu lake.

Natembea katikati ya matuta. Mashine inaamkia.

"Freshi," inajibu spoku ya baiskeli.

Hatua chache mbele inaamkia tena. "Shikamoo ya nini? Mimi bado kijana," inasema bawaba ya mlango, nayo imeoza hadi haina umbo. Naiacha na kiburi chake.

Karibu na mpaka wa shamba mashine inashusha sauti. "Shikamoo."

Kisha sauti nzito, ya mtu aliyekatishwa usingizi, "Marahaba, mwanangu. Hii swala gani?"

Naweka jembe pembeni, nachimba kwa mikono. Inatoka sarafu ya shaba, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imekolea kutu ya kijani. Inapepesa macho kwa sababu ya jua.

"Sultani nani sasa?" inauliza.

"Siku hizi hakuna sultani, babu."

"Na kodi?"

"Kodi ipo."

"Basi sikulala sana," sarafu ikasema, ikajiegemeza kiganjani mwangu.

Nilifurahi kupita kiasi. Niliona kabisa nikiingia uani kwa Bi Somoe na ile sarafu, na yeye akiacha kupepeta mchele ili anitazame. Lakini kabla sijapiga hatua, mtu alikohoa nyuma ya mihogo. Alikuwa mtungi wa udongo, wa zamani sana, mdomo umemeguka upande mmoja, na amevaa miwani.

"Ofisi ya vitu vya kale," akasema. Sauti yake ilizunguka ndani kwanza, ndipo ikatoka. "Chochote cha kale kinachokutwa ardhini ni mali ya serikali. Unajua hilo?"

"Najua. Nilikuwa nakuja kutoa taarifa."

"Vizuri. Na wewe mwenyewe umesimama wapi?"

Nikatazama chini. Nilikuwa ndani ya shimo nililolichimba, udongo umenifika magotini.

"Shimoni," nikasema.

"Yaani ardhini."

"Ardhini, ndiyo."

"Basi umekutwa."

Nikashika ukingo wa shimo nitoke.

Nageuka kuitazama mashine, na shamba limekuwa chumba cha makumbusho. Niko nyuma ya kioo, nimekaa juu ya kitambaa chekundu. Sarafu iko kando yangu, imekwisha kuzoea. Watu wanapita, wananitazama, wanakwenda kutazama shanga. Mbele yangu kuna kibao kimeandikwa: MTU. MATUMIZI YAKE HAYAJULIKANI.

Bi Somoe akaingia. Alikuwa na khanga zake za kutokea na kikapu mkononi, akatembea polepole, kila kitu akikitolea heshima yake. Alipofika kwangu akasoma kile kibao, neno kwa neno.

"Hili nililisema tangu siku ya posa," akasema.

"Mama, ni mimi."

"Nakuona." Akamgeukia mtungi. "Huyu wetu. Mtoe."

Nilisikia vizuri. Huyu wetu. Miaka yote ya ndoa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Hapimwi kwa undugu, mama," mtungi akajibu. "Akiwa wa leo, ondoka naye. Akiwa wa kale, anabaki hapa."

Akafungua kioo, akainua mashine yangu, akaielekeza kifuani pangu. Mashine, niliyoinunulia betri kwa jasho langu, ikanitazama kama hatujuani.

"Shikamoo," ikasema.

"Nyamaza," sarafu ikaninong'oneza. "Ukiitika umekwisha. Mimi niliitika, unaniona nilipo."

Nanyamaza. Bi Somoe ananitazama. Mtu akiamkiwa mbele ya mkwewe asiitike, hata kama ni ndotoni, habari zitawafikia mashangazi kabla chai haijachemka. Na mama wa watu amesema huyu wetu, sasa hivi tu, hata mate yake hayajakauka.

"Marahaba," nikasema.

"Wa kale," mtungi akatangaza.

Sarafu ikafumba macho kwa huzuni. Lakini Bi Somoe hakupandisha sauti. Aliweka kikapu chini, akajifunga khanga upya.

"Amekutwa shamba la nani?"

"La kwako, mama."

"Na siku alipokuja kuniomba ruhusa ya kuchimba, yeye mwenyewe aliahidi nini?"

Mtungi akanigeukia. Ikabidi niseme, "Kila kitakachopatikana, nusu kwa nusu."

"Basi nipe nusu yangu."

Mtungi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ahadi ni ahadi," akasema. "Ya juu au ya chini?"

Bi Somoe akanikagua kwa makini, kama anayechagua muhogo sokoni.

"Ya juu naijua, inaongea tu. Nipe ya chini. Nimechimbua udongo wa kukandika jiko, na wa kuukanyaga sina."

"Mama, na mimi?" nikauliza.

"Wewe kaa na babu yako hapo mzungumze. Nitairudisha ikimaliza."

Miguu yangu ikasimama, ikashuka, ikamfuata. Haikuniaga, ila ilikuwa na adabu. Ilimwachia nafasi mbele, haikumkanyagia kivuli, na kikapu kilikwenda kimening'inia gotini. Nikabaki na sarafu juu ya kitambaa chekundu, tukiisikiliza ikishuka ngazi.

"Mkweo?" sarafu ikauliza.

"Mkwe wangu."

"Amekupenda."

"Amechukua miguu tu, babu."

"Wangu hakuchukua kitu," ikasema. "Hakuwahi kunituma hata kuni."

Nikamsogezea sehemu ya kitambaa iliyokuwa na jua.

Niliposhtuka nilikuwa kitandani kwetu Lindi, na Siwema amesimama mlangoni anazungumza na simu. Aliposhusha simu alikuwa anatabasamu.

"Mama anakusalimu," akasema. "Anasema jiko limekandikwa, limetoka laini hajawahi kuona."

"Nani aliyemkanyagia udongo?"

"Nimemuuliza. Anacheka tu. Anasema nikwambie ahsante."

"Mwambie si neno," nikasema, nikafunua shuka taratibu. Kati ya vidole vya miguu yote miwili kulikuwa na udongo mwekundu uliokauka, na mapaja yaliniuma kama niliyelima kutwa. Kutoka kiunoni kwenda juu nilikuwa nimepumzika vizuri sana.