Watoto wa Kizimba cha Juu

"Ni batoto! Uko na macho, angalia!"

"Nimebaona, Prof. Batoto beko. Miye nauliza baba yao ni nani."

"Baba yao ni ule anayelala na mama yao humo ndani!"

"Basi tukate ncha za mikia, tupime jeni ya baba kwanza."

"Tupime, tupime! Wageni beko pale ng'ambo wanakunywa chai, na wewe unaniletea habari ya mikia!"

Profesa Adalbert alikuwa amevaa koti jeupe juu ya suti yake ya harusi, na jasho lilimtiririka shingoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nyuma ya ukuta jenereta ilikohoa, na chumba cha panya kilinuka maranda na mkojo.

Victorine hakurudi nyuma hata hatua. Yeye ndiye fundi wa chumba kile, na aliwalea panya wale tangu waliposhushwa garini wakiwa ndani ya masanduku yao. Dume wa kizimba cha juu, yule mwenye tundu sikioni, alikuwa ameondolewa jeni moja tu. Jeni hiyo hutengeneza protini ndogo kwenye kichwa cha mbegu, na yai huishika protini hiyo ili kuitambua mbegu. Bila yake dume anampanda jike kama kawaida, mbegu zinaogelea vizuri, zinafika. Lakini ni kama mtu anayepiga hodi bila kutaja jina: yai halifungui. Kazi yote ilikuwa kwa ajili ya watu wanaopimwa hospitalini, wakaambiwa ni wazima, na bado hawapati mtoto.

Na sasa jike wa dume huyo alikuwa amezaa.

"Yai iko na mulango wa pili," Adalbert alisema, akipunguza sauti kama mtu aliye kanisani. "Hakuna aliyeuona bado. Wale wafadhili walikuja kufunga mradi wetu, Victorine. Leo wataondoka wakitusifu. Jina lako litakuwa chini ya langu."

"Na kama ni uongo, jina langu litakuwa chini ya uongo."

"Wewe hata ukipewa asali utauliza nyuki alitoka wapi! Nikikuita, lete kizimba." Akaubamiza mlango.

Victorine alikishusha kizimba, akatazama ndani. Vitoto vyekundu vilikuwa vimelala chini ya pamba nyingi mno. Pembeni, juu ya maranda, kulikuwa na karanga zilizomenywa vizuri.

Panya wale hawakuruhusiwa karanga.

"Tantine, nani alitia karanga humu?"

Tantine Albertine, mdogo wa mama yake, alikuwa kwenye sinki akisugua vizimba vitupu. Ndiye aliyemlea Victorine, na Victorine ndiye aliyemtafutia kazi hii ya kuosha.

"Muzazi anakulaka nini? Ile chakula yenu ya majiwe? Maziwa itatoka wapi?"

"Na huyu muzazi alipataje mimba?"

"Mungu anajua."

"Mungu hana ufunguo wa hapa. Wewe ulikuwa nao."

Brashi ilisimama. Mwezi uliopita Victorine alikwenda Mokambo kumzika mama mkwe wake, akamwachia Tantine ufunguo ili panya wasikose maji. Kanuni ilisema ufunguo usitoke shingoni mwake.

"Uliniambia mwenyewe," Tantine alisema bila aibu, "ile mwanaume iko na nguvu lakini haizalake. Miye nikaona bibi yake anakusanya pamba, anatengeneza kitanda, kila siku kitanda bule. Roho ikaniuma. Nikatwaa ndugu yake muzima wa kizimba cha chini, nikamuingiza. Kisha nikamurudisha. Kwetu njo vile. Bwana akishindwa, mudogo yake anaingia, hakuna kelele, mutoto ni wa nyumba."

"Tantine, hii si nyumba ya bantu!"

"Kwa nini munabaita baba na mama?"

"Umeniua. Unajua kama umeniua?"

Tantine alijifuta mikono kwenye aproni, akasogea karibu. "Na Fils? Unafikiri Fils alitoka wapi? Tonton yako Léonard, bwana yangu, alikufa akishika mukono wa mutoto yake. Sema, nani alipungukiwa?"

Victorine alivitazama tena vitoto. Fils, binamu yake, mtoto wa Tantine, ambaye watu wote walisema anatembea kama Léonard.

Madume wote wawili walikuwa weusi; kwa macho hakuna angejua baba ni yupi. Akinyamaza, mradi unabaki, Tantine anabaki. Akisema, wote wawili watakuwa barabarani kabla ya jua kuzama. Lakini akinyamaza, watu wataanza kuutafuta mlango ambao haupo, na akina Léonard wataendelea kungoja nje.

"Victorine! Lete!" Sauti ya Adalbert ilivuka ua.

"Mwanangu," Tantine alimshika mkono, "ya Fils usiseme."

"Ya Fils haiko kwenye kizimba, Tantine. Niachie mukono."

Alikibeba kizimba kifuani, akavuka ua, akasukuma mlango wa ukumbi kwa bega. Adalbert alikuwa amekwisha kuwasha picha ukutani. Wageni wakageuza viti vyao, wakitabasamu.

Victorine aliweka kizimba katikati ya vikombe. Akavua ufunguo shingoni, akauweka kando yake. Akasema kwa Kifaransa cha polepole, ili kila mmoja asikie:

"Hawa si watoto wa dume huyu. Ni wa ndugu yake wa kizimba cha chini, aliingizwa humu nilipokuwa Mokambo. Ufunguo niliutoa mimi, kinyume cha kanuni."

"Victorine," Adalbert alinong'ona, "uko na uhakika?"

Victorine alitoa makasi mfukoni, akamshika mtoto wa kwanza kwa vidole viwili, akakata ncha ya mkia.