Shahidi wa Usingizi

Jumamosi asubuhi, kliniki ikiwa Jumatatu, Kuluthumu aliuosha ule mpira wa puani wa mashine ya kupumulia ya mumewe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, kama alivyoelekezwa hospitalini, akauanika kivulini. Haukuwa na uchafu wowote. Kitu kisichotumika hakichafuki. Aliuosha hivyo hivyo, kwa sababu katika yote aliyoagizwa na daktari, hilo ndilo pekee lililokuwa ndani ya uwezo wake.

Mumewe, Yahaya, alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali pale Dodoma, Mrangi wa Kondoa, mtu wa shingo nene na kicheko cha kifuani. Alikuwa akikoroma tangu ujana wake, na mkoromo wake ulikuwa mzaha wa mtaa mzima wa Makole. Majirani walimwita Trekta. Kuluthumu naye alikuwa akicheka, mpaka miaka ya karibuni alipogundua kwamba kinachomwamsha usiku si mkoromo, bali ni mkoromo kunyamaza. Yahaya alikuwa akikata pumzi. Kifua kinapanda na kushuka, kinahangaika, na hewa haiingii; kisha anashtuka kama mtu aliyeibuliwa majini, anavuta pumzi kwa kishindo, anaendelea kulala bila habari. Asubuhi huamka amechoka kuliko alivyolala, na mchana husinzia popote, msikitini, kwenye mkeka wa msiba, hata tonge likiwa mkononi.

Mwanzoni mwa mwaka ule alisinzia kwenye usukani. Alikuwa anamrudisha bosi wake, Bwana William, kutoka Kondoa, mchana kweupe. Landrova iliacha barabara, ikaingia shamba la mtama na kugota kwenye kichuguu. Hakufa mtu. Bwana William aliwaambia wakubwa kwamba tairi lilipasuka, lakini pembeni alimwambia Yahaya aende hospitali, na kwamba hatashika gari tena mpaka daktari aseme amepona. Ilikuwa miaka ile ya kupunguza wafanyakazi. Kila ofisi ilikuwa inatafuta wa kumtoa, na dereva asiyeendesha alikuwa anajitafutia mwenyewe kuachishwa.

Hospitali ya misheni walikutana na Daktari Ebenezer, kijana mpole mwenye sauti ya chini. Aliwaeleza kwamba Yahaya akilala koo lake linajifunga, na kila linapojifunga mwili unaamka kujiokoa, usiku kucha, bila mwenyewe kujua. Akawapa mashine. Ilikuwa imeachwa na mtaalamu mmoja mgeni aliyepita pale, na hospitali haikuwa na nyingine. Ilikuwa kijisanduku cha kijivu kinachosukuma hewa kwenye bomba, bomba likiishia kwenye mpira unaobana pua kwa mikanda ya kichwani. Hewa ile ndiyo ingelishikilia koo wazi. Aliagiza itumike kila usiku, kisha warudi wote wawili.

"Mgonjwa wa ugonjwa huu hana habari zake mwenyewe," alimwambia Kuluthumu. "Mama, wewe ndiye shahidi wetu."

Wiki ile ile redio ilitangaza kwamba maji ya bwawa la Mtera yameshuka mno, na mgao wa umeme unaanza. Makole umeme ulikatika magharibi na kurudi kumekucha, wakati Yahaya anatakiwa awe ofisini, kwenye benchi la madereva, akiwatazama wenzake wakikabidhiwa funguo. Usiku mmojammoja umeme ulipojisahau ukabaki, alivaa ule mpira, akalala. Kisha umeme ukakumbuka, mashine ikazimika, naye akaamka pua imebanwa, hewa hakuna, akaung'oa na kuutupa ukutani. Baada ya hapo aliiogopa mashine yenyewe. Alisema ni heri afe kwa koo lake kuliko kwa mkono wa kijisanduku.

Kuluthumu alijaribu aliloweza. Daktari alikuwa amesema kulala ubavu kunasaidia, basi akamshonea fulana mfuko mgongoni na kutia humo mpira wa tenisi, ili akigeuka chali umchome. Yahaya aligeuka chali, mpira ukamchoma, na akalala juu yake vilevile. Ikabaki kazi ya kukesha. Alilala mkono ukiwa begani kwa mumewe, na pumzi ikikatika anamtikisa. Akipitiwa na usingizi anaamka ghafla, roho iko mkononi, hajui ni mara ngapi imekatika yeye hayupo.

Ile Jumamosi, mpira ukiwa bado kivulini, Yahaya alikuja kuketi kando yake. Alikuwa ameleta suruali yake ya kijivu apigiwe pasi ya kliniki. Alizungukazunguka kwanza, akauliza habari za binti yao Amina aliyeolewa Kolo, akasema kitu kuhusu vumbi, ndipo akafika alikokuwa anakwenda. Jumatatu daktari atamuuliza mama, si yeye. Basi mama aseme analala vizuri, mashine inatumika, na mkoromo umekwisha. Daktari akiridhika, Bwana William ataridhika, na funguo zitarudi.

Kuluthumu alimuuliza itakuwaje akisinzia tena njiani.

"Mama Amina," alisema Yahaya, "mimi sijui kazi nyingine. Nisaidie kwa hilo moja."

Kuluthumu aliweka mkaa kwenye pasi. Mwanamume huyu hakuwa amemwomba kitu kwa sauti ile tangu waoane, na alichokiomba kilikuwa kitu asichoweza kukitoa wala kukinyima.

Jioni aliondoka bila kumwambia mtu, akaenda kwa Cornel. Cornel alikuwa na kibanda cha video mtaa wa pili, moja ya zile biashara zilizochipuka siku hizo kila mwenye mtaji alipoachiwa ajitafutie, na alikuwa na jenereta. Kuluthumu alimweleza shida yake akiwa amesimama mlangoni, ushungi umefunika mdomo, kwa kuwa hakujua aanzeje kumwambia mwanamume wa nje namna mumewe anavyolala. Cornel alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema Jumapili mchana anaonyesha picha mbili mfululizo, na nyuma ya ukumbi kuna chumba cha kuwekea makreti ya soda. Yahaya aje tu alale.

Yahaya alikataa. Alisema halali hadharani kama maiti anayesubiri kuoshwa. Baadaye alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Basi Jumapili ile, Kuluthumu alitandika mkeka kati ya makreti, Cornel akapitisha waya chini ya mlango, na mashine ikaanza kuvuma. Yahaya alijilaza, akafungwa mikanda, akamshika mkewe mkono kama mtu anayeingizwa chumba cha upasuaji. Upande wa pili wa ukuta wa mabati watu wa kwenye picha walikuwa wakipigana mateke na ukumbi mzima ukiwashangilia. Katikati ya kelele ile, alilala.

Kuluthumu alisubiri mkoromo. Haukuja. Alisubiri kile kimya cha kukatika, na kishindo cha kurudi, navyo havikuja. Alishikwa na hofu, akaweka kiganja kifuani pake. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka taratibu, sawasawa, kama cha mtoto aliyeshiba. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona amelala hivyo. Alikaa juu ya kreti akamtazama, machozi yakamtoka, na hakujua kama ni ya furaha au ya kitu kingine.

Picha zilipokwisha Cornel alizima jenereta, Yahaya akaamka. Macho yake yalikuwa meupe. Alitazama makreti, akasoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa pembeni yake, akamgeukia mkewe.

"Kumbe watu hulala hivi," alisema.

Njiani kurudi alikuwa mtu mwingine. Alisalimia kila aliyekutana naye, akakumbuka majina ya watoto wa watu, akamkumbusha Kuluthumu kisa cha harusi yao ambacho mkewe alikuwa amekisahau, wakacheka mpaka wakasimama. Alisema ataongea na Cornel, watapanga, hata jioni za kazi. Kuluthumu aliyaamini yote. Kwa muda wa kutoka kibanda cha video hadi nyumbani kwao, alikuwa mwanamke asiye na tatizo.

Kabla ya swala ya isha Cornel alipita kuwaambia kwamba jenereta imekufa. Ilikuwa imekata ghafla katikati ya picha ya jioni, na fundi alisema kifaa chake hakipatikani Dodoma, labda Dar es Salaam. Aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeivunja. Yahaya alimshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Usiku ule alilala chali, akakata pumzi kama kawaida, na Kuluthumu akakesha.

Jumatatu walifika hospitali mapema. Yahaya alikuwa na suruali yake iliyonyooka na mashine mapajani ndani ya mfuko wa kaki. Wakiwa kwenye benchi alimnong'oneza mkewe kwamba sasa si uongo tena. "Si uliniona mwenyewe jana? Sema ulichokiona." Kuluthumu alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amekwisha kata shauri alfajiri, wakati anamtilia maji ya kunawa: atasema analala vizuri. Akinyamaza kazi inakwenda; akisema ukweli kazi inakwenda, na umeme haurudi kwa ukweli wake. Angalau uongo ungempa mumewe kitu mkononi. Mengine atamwachia Mungu, pamoja na hao watu watakaokuwa barabarani. Hapo kwenye hao watu ndipo moyo wake ulipokuwa unakwama kila mara, na kila mara aliusukuma upite.

Daktari Ebenezer aliwapokea kwa shikamoo. Alimpima Yahaya presha, akamuuliza maendeleo. Yahaya alijieleza vizuri, kama mtu aliyejifunza maneno yake. Analala. Kichwa hakiumi. Yuko tayari kwa kazi. Daktari alisikiliza, kisha akakigeuza kiti chake.

"Na wewe, mama, unasemaje? Analalaje?"

Kuluthumu alianza kwa kusema kwamba jana alilala vizuri sana. Daktari alisubiri. Aliuliza kuhusu siku nyingine, na umeme wa mgao, kwa upole uleule. Kuluthumu aliinama akarekebisha ushungi wake, akitafuta lile neno moja alilokuwa amebeba tangu alfajiri. Alipolipata akafungua mdomo alitoe, alisikia mkoromo.

Yahaya alikuwa amelala. Kidevu kimeanguka kifuani, mikono bado imekumbatia mfuko wa kaki. Alikoroma mara mbili tatu, kisha sauti ikakatika. Kifua kilijitahidi na hewa haikuingia. Midomo ilianza kubadilika rangi. Daktari aliinuka nusu kutoka kitini.

"Mwache, daktari," alisema Kuluthumu kwa sauti ya chini. "Atarudi mwenyewe."

Walimngoja wote wawili. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Kisha Yahaya alivuta pumzi kwa kishindo, akainua kichwa, akapangusa mdomo kwa kiganja, na kumtazama daktari kwa heshima ya mtu ambaye mazungumzo hayajampita.

"Kwa hiyo, daktari," alisema, "naweza kumwambia bosi wangu nimepona?"

Daktari alimtazama Kuluthumu, Kuluthumu akatazama sakafu. Hakuna aliyemwambia Yahaya kilichotokea. Daktari alikaa tena, akasema kwamba hawezi. Kwamba gari hapana, si sasa. Kwamba mashine wabaki nayo na waitumie kila umeme unapopatikana. Yahaya alimuuliza, na usipopatikana? Daktari alikunja mikono juu ya meza. Alisema apunguze uzito, alale ubavu. Alipomaliza hayo akasema kwamba zaidi ya hapo hana dawa.

Nje, chini ya jua, Yahaya alitembea mbele mpaka getini, ndipo akageuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao wa mtu aliyeibiwa macho yakiwa wazi.

"Mimi nilikuwa nimekaa palepale," alisema, "na sikusikia ukisema kitu. Amejuaje?"

Kuluthumu aliona angeweza kumwambia. Lakini alimtazama, na suruali yake iliyonyooka, akaona kwamba mtu asiyeweza kuamini hata kwamba alikuwa macho alipoketi mbele ya daktari hatakuwa na pa kusimama popote. Hasira ya kumkasirikia mkewe ilikuwa nyepesi zaidi kuibeba.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwambia kwa macho."

Yahaya aliitikia kwa kichwa. Akahamisha mfuko wa kaki bega la pili, na hakuzungumza naye tena mpaka nyumbani.

Kazi ilikwisha kabla ya mvua. Bwana William alimwita akamweleza kwa maneno mazuri, na Yahaya akaanza kwenda kwenye kishamba chao cha Nzuguni asubuhi, akirudi mchana kwa basi, akisinzia njia nzima. Mvua zilipokuja zilikuja za mafuriko. Zilivunja madaraja, zikasomba mtama wa watu, zikaijaza Mtera hadi juu, na umeme ukarudi. Tangu hapo Yahaya huvaa mpira wake bila kulazimishwa, na hulala. Huamka alfajiri macho makavu, mwepesi, tayari kwa safari yoyote, na hakuna anayemtuma.

Amina alipokuja kuwaona na mumewe, mkwe aliuliza kwa adabu ilikuwaje baba akaacha udereva. Yahaya alisema ni mambo ya ndoa. Mama yao alimsemea kwa daktari. Alilisema bila uchungu, karibu kwa mzaha, kama alivyokwisha kulisema kwa wengine. Amina alimgeukia mama yake ajue kama ni kweli. Kuluthumu alikuwa anamimina chai. Alisema ni kweli, akamsogezea mkwe kikombe.