Rekodi Sitini na Nne

Saa saba mchana Verna Linklater alipiga simu kutoka ofisi ya jamii yake, kaskazini mwa Manitoba, huku akikohoa. Moto wa msitu ulikuwa umevuka mto, na ndege ya kuwahamisha ingeondoka saa tisa.

"Curtis, mbona rekodi haziendi? Huku bado sufuri."

Binamu yake, Curtis Colomb, alikuwa mjini Winnipeg akipokea rekodi sitini na nne za wazee wao wakisimulia kwa Kikrii, lugha yao. Nakala pekee ilikuwa kwenye kompyuta iliyokazwa ukutani pale ofisini kwa Verna. Taa ya diski ya Curtis ilimetameta, lakini hakuna kilichofika.

Mara akaelewa. Programu ya kupeana faili, ambayo yeye ni mmoja wa wanaoitunza, ilikuwa kwanza inaandika sufuri tupu kwenye nafasi yote ya diski itakayohitajika kabla ya kupokea chochote, ili diski isije ikajaa katikati ya kazi. Kwa diski kuukuu kama yake, hiyo ni kazi ya saa tatu. Watumiaji walishalalamika. Yeye ndiye aliyewajibu wavumilie.

"Kosa langu, dada. Nipe dakika ishirini."

"Ishirini! Moto nao umekaa unakunywa chai?"

Alibadilisha mpangilio: programu iiombe diski itenge nafasi bila kuandika kitu, na ikishindikana, ipokee tu faili kadiri zinavyokuja. Alikosea mara mbili. Akahakikisha diski ina nafasi ya kutosha, akajaribu na picha moja, kisha akaiwasha upya.

"Moja imeingia," alisema. "Mbili."

"Wameita jina langu. Naiacha kompyuta ikiwaka."

Saa tisa na dakika kumi umeme wa kule ulikatika. Zilikuwa zimefika hamsini na tisa.

Usiku ule Curtis alimkuta Verna kwenye ukumbi wa wakimbizi wa moto pale Winnipeg, nguo zikinuka moshi.

"Ya mama ipo?"

"Ipo."

"Ya shangazi Eliza?"

Curtis alitikisa kichwa. Verna alikaa kitandani.

Asubuhi Curtis aliwatumia watumiaji wote toleo jipya lenye mpangilio ule. Kisha akapiga simu kuulizia ile ofisi ya kule, zilikobaki rekodi tano. Aliyepokea alisema barabara imefungwa. Hakuna aliyejua kama lile jengo bado limesimama.