Mdomo wa Kipanga

Juni 2013 wafugaji nyuki wa Kitahana walinituma Kasulu kuchagua kisu. Tulikuwa kumi na wawili, kila mtu na chake, vingine vya kukatia nyama. Wenzangu waliona bora wote tuwe na aina moja, kisu cha kukunja, kinachokaa mfukoni mtu akipanda mti. Mimi ndiye niliyesema sana kikaoni, basi safari nikapewa mimi.

Gharibu, mwenye duka la vyuma mjini Kasulu, alinipangia vitatu mezani. Mipini ilikuwa sawa na springi ni ile ile. Tofauti ilikuwa bapa tu. La kwanza lilikuwa refu na ncha yake imeinuka kidogo. La pili lilikuwa fupi, makali yamenyooka, mgongo umeinama mbele ukayafuata makali, kwa hiyo halikuwa na ncha ya kuchoma kitu. La tatu lilipinda kwa ndani kama mdomo wa kipanga.

"Hiki cha tatu ndicho wanachokatia matawi ya mibuni," Gharibu akasema. "Unavuta kwako. Ukivuta, hakijikunji."

"Huu ni mundu uliodumaa, mzee. Ncha ndiyo roho ya kisu. Kisichochoma ni kijiko."

"Visu hivi havina kifungo, kijana. Kinachoshika bapa ni springi peke yake. Ukisukuma kwa ncha, linarudi vidoleni." Akanionyesha kovu. "Mambo ya nyuki siyajui. Ya vidole nayajua."

Nikachukua kumi na viwili vya ncha.

Shangazi yangu Immakulata, dada wa marehemu baba, alikuwa mwanachama mwenzetu. Nilipovigawa kikaoni, alikifungua chake mbele ya wote, akakigeuza, akakifunga.

"Kizuri," akasema. "Cha kuchinjia kuku."

Wakacheka. Nikasimama. "Shangazi, nipe mzinga wowote. Nitavuna kwa kisu hiki na nyuki hawatajua kama nimefika."

"Wowote? Basi chukua ule wangu wa bondeni. Miaka minne nyuki hawajahama. Wakihama, unanipa mzinga wa kaka yangu."

Mzinga wa baba ulikuwa gogo la mninga alilolichonga mwenyewe. Hakuniachia mwingine. Reverien, aliyekaa kando yangu, akanivuta shati. "Venanti, kaa chini, bwana."

"Nimekubali," nikasema.

Ndani ya mzinga wa gogo masega hujipanga kama vitabu kwenye kasha: ya mbele asali, ya nyuma watoto wa nyuki, yote yakining'inia kutoka juu. Mvunaji huingiza mkono mlangoni, akakata ya asali, akaacha ya watoto. Nilipanda jua likielekea kuzama, nikafukiza moshi, nikatoa kifuniko. Sega la kwanza lilikatika vizuri. La pili, ncha ilitangulia makali. Nilipokuwa bado nakata asali, yenyewe ilikwisha kuzama kwenye sega la nyuma. Nilisikia ulaini wake nikajua ni la watoto. Nikasukuma juu ili nijinasue. Ncha ikagota kwenye gogo, springi ikaachia, bapa likajikunja juu ya kidole cha shahada. Nikavuta mkono kwa nguvu, ukaja na masega mawili yamejaa watoto weupe.

Chini ya mti hakuna aliyecheka. Shangazi alinifunga kidole kwa kipande cha kitenge.

Siku ya tano mzinga wa bondeni ulikuwa mtupu. Nilikwenda kumwambia mwenyewe.

"Niliona jana," akasema. "Nilikuwa nangoja uje."

Nikampeleka kwenye mti wa baba. Nilitaka kumkabidhi mzinga niondoke. Akatoa kisu alichokuwa akikatia mibuni, bapa lake limepinda.

"Sasa ni wangu. Panda univunie."

"Kidole hakijapona, shangazi."

"Ulisukuma nacho. Leo unavuta. Panda."

Nikapanda. Nikalipitisha bapa nyuma ya sega la kwanza, nikavuta kwangu. Ncha ilinielekea mimi, si nyuki. Masega matatu yalitoka mazima, nikaishia hapo. Nilipoteremsha ndoo kwa kamba, shangazi aliinama akapekua kwa kidole akitafuta watoto. Hakuona hata mmoja.

"Kaka yangu angekuchapa," akasema. "Kisha angekula asali yako."

Nilisubiri siku tano. Nyuki waliingia na kutoka kama kawaida. Siku ya sita nikapanda basi la Kasulu na visu kumi na viwili vya ncha. Gharibu alikitazama kidole changu, akaanza kutoa vilivyopinda.

Mzinga haukurudi kwangu, wala sikuuomba. Msimu ukifika shangazi huniita, nami huenda kumvunia.