Madoa Yasiyo ya Dobi

Kwa madoa, mama yule dobi hakuwa na mpinzani. Wino, grisi, hata kutu, vyote vilinyoosha mikono mbele yake. Sasa mtu wa namna hiyo umpe binti mwenye madoa ya kahawia tumbo na mgongo mzima, utegemee atulie? Thubutu! Kila jioni alimkalisha Bi Mdogo, mtoto wa miaka minne, kwenye beseni la maji ya moto, akamsugua kwa dodoki. Madoa yakavimba, yakawa mekundu.

"Yanaanza kulegea," alijipa moyo.

Mwanzoni mtoto alilia. Baadaye akaacha, na mama akadhani amezoea.

Mwalimu wa chekechea ndiye aliyeshikilia mtoto apelekwe kliniki. Huko daktari wa ngozi, mama wa makamo asiye na haraka, alisugua doa moja kwa kitako cha kalamu, wakangoja. Doa likatuna mbele ya macho yao.

"Nyumbani huwa anasuguliwa?"

"Kila siku, daktari. Mimi ni dobi," alijibu, tena kwa fahari.

"Acha leo leo, dada yangu. Huu si uchafu wala fangasi. Chini ya ngozi yake kuna chembe za kinga zimejazana kupita kiasi. Ukizisugua au ukizipasha joto, zinamwaga kemikali, ndiyo anavimba na kuwashwa. Watoto wengi chembe hizo huwapungua wakikua. Ila wewe umekuwa ukizichokoza."

Dobi alitamani ardhi ipasuke immeze. Njia nzima hakumtazama mwanawe usoni.

Jioni alilitupa dodoki jalalani, akatayarisha maji ya uvuguvugu. Hata hajaita, Bi Mdogo huyo amefika. Alivua gauni mwenyewe, akafumba macho, akauma mdomo, akasimama mikono juu.

"Leo sikusugui, mwanangu. Hayo si uchafu. Wewe ni msafi."

Mtoto akafumbua jicho moja. "Kuanzia leo?"

"Tangu ulipozaliwa."

Bi Mdogo akashusha mikono, akawaza. "Sasa ulikuwa unasugua nini?"

Swali lilimchoma. Dobi akapiga magoti kando ya beseni, machozi yakimlengalenga.

"Nilikosea, mama. Nilikuumiza. Nisamehe." Akachota maji kwa kiganja, akakishikilia hewani. "Naweza kukugusa?"

Mtoto alikiangalia kile kiganja mpaka maji yakakaribia kuisha.

"Kidogo," akasema.