Jumamosi kwa Marehemu Bwana Pima

Kila Jumamosi, vyombo vya mchana vikishaoshwa, Dinah alitia makaa kwenye pasi na kunyoosha shati la kaki la Bwana Pima. Alilinyunyizia maji kwa ncha za vidole, akaanza na ukosi, akamalizia mikono. Bwana Pima alikuwa marehemu tangu mvua za vuli zilizopita, na tangu afe mashati yake yalikunjamana upesi kuliko alipokuwa hai.

Alikuwa amezikwa mjini Voi, kwenye makaburi ya Wazungu, na suti nyeusi. Udongo ulikuwa haujakauka aliporudi kwenye baraza la nyumba yake, katikati ya mkonge, amevaa kaptura, akaitisha chai. Dinah, aliyekuwa mtumishi wa nyumba ile tangu aache shule darasa la nne, alimpelekea. Alipoona chai inampita na kumwagika sakafuni, alirudi jikoni akachukua karai, akaliweka chini ya kiti. Toka siku hiyo karai lilikaa pale pale.

Kampuni yenye shamba ilileta meneja mpya, kijana wa uso mwekundu. Alijiwekea kitanda katika chumba cha pili, kwa kuwa cha kwanza kilikuwa na mwenyewe. Jioni aliona wafanyakazi wakitoka laini, kwenye safu za vibanda vyao, na wake zao, wameoga, wamejipaka mafuta, wakija kuchungulia madirishani. Hakuwafukuza. Alivuta kiko chake akawaza, na haukupita muda kukawa na kibao njiani toka stesheni, na kiingilio, na Kitheka, aliyekuwa nyapara, akapewa kofia nyekundu asimame langoni.

"Karibuni," Kitheka aliwaambia watu. "Mwenye moyo mdogo ashike mkono wa mwenzake. Mwenye mimba akae na mama wa ndizi pale. Bwana hali mtu, anafoka tu."

"Na akinishika?" wasichana waliuliza.

"Akikushika utasikia baridi. Ukiipenda, rudi Jumamosi ijayo."

Wakaja. Walikuja abiria walioshushwa na gari la moshi toka Mombasa, wenye maduka wa Voi na watoto wao, walimu wa misheni toka Mbololo ambao kesho yake wangekuwa kanisani kwenye viti vya mbele. Waliingia kwa mlango wa mbele wakinong'ona. Bwana Pima alikuwa ameketi, kikombe mkononi, amewapa mgongo. Walipokaribia, aligeuka akafoka, akaunyanyua mjeledi, na wote wakapiga kelele wakakimbilia ukumbini, wakakanyagana, wakacheka.

Dinah aliwatazama kutoka mlango wa jikoni. Kutazama ndiyo iliyokuwa kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyempa. Aliona kwamba watu huingia wamenyamaza na kutoka wana njaa. Ndizi za mama wa langoni hazikubaki. Mume na mke waliokuja kila mmoja na upande wake wa barabara waliondoka wameshikana.

Aliyependa zaidi alikuwa Kituku, mkata mkonge, ambaye Bwana Pima alimchapa alipokuwa hai hadi akalala kifudifudi kwa wiki. Sasa Kituku alikuja mapema, akavua shati, akasimama mbele ya kile kiti. Mjeledi ulimpiga ukapita kama upepo wa alfajiri. Alisubiri umpige tena. Halafu alivaa shati lake taratibu, akaenda zake laini, na mkewe alisema Jumamosi ndiyo siku pekee Kituku anayomaliza ugali.

Miaka ile ya hali ya hatari lori zenye waya zilipita barabara kuu zimejaa watu wa bara, na hakuna aliyeuliza wanapelekwa wapi. Mtu aliyesahau nyumbani kipande, kile cheti cha serikali, alitembea akitazama nyuma. Hofu hizo hazikuwa na saa ya kufunga. Hofu ya Bwana Pima ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mtu wa kofia nyekundu wa kukuonyesha ukanyage wapi.

Baada ya chai ilifuata sehemu iliyopendwa kuliko zote. Bwana Pima aliondoka kitini, akautungua mnyororo wa kupimia ukutani, akashuka ngazi. Hakuwahi kukaa bila mnyororo ule alipokuwa hai, na ndiyo asili ya jina alilopewa na wafanyakazi.

"Kitheka! Vuta!" aliita.

Kitheka alivua kofia nyekundu, akashika ncha ya mnyororo kama alivyoishika miaka yote, na wawili hao wakaenda kukagua mpaka wa shamba, aliyekufa mbele, aliye hai nyuma, na wageni nyuma yao wakisukumana.

Tatizo lilikuwa njia aliyopita. Mawe ya mpaka yalikuwa mbali, karibu na korongo, na kila mtu aliyajua. Bwana Pima hakwenda huko. Alikata katikati ya mistari ya mkonge, akapita pasipo na jiwe wala alama, akapinda mahali pasipo na sababu ya kupinda, akarudi nyumbani. Wageni walidhani ndivyo mizimu inavyotembea.

Dinah alijua kwa nini anapinda. Pale kwenye pindo, upande wa nje, alizikwa baba yake, Mwandawiro, ukingoni mwa shamba lake mwenyewe la mahindi na mbaazi. Mwaka uliofuata mazishi, mawe ya mpaka yalionekana kule korongoni, na mahindi yakang'olewa, na mkonge ukapandwa mpaka juu ya kaburi. Mama yake, Mable, alishuka na jembe kwenda kupalilia. Alirudishwa. Alishuka tena, akarudishwa na mbwa. Tangu hapo alikaa Mbololo, juu mlimani, kwa shemeji yake Thadeus, akilitazama kaburi toka juu bila kuliona, kwa kuwa mkonge wote unafanana.

Siku moja Dinah alimpelekea Kitheka maji ya kunywa langoni.

"Yale mawe ulibeba wewe?" alimwuliza.

Kitheka alikunywa kwanza. "Nilibeba."

"Bwana alikuambia nini?"

"Aliniambia niyabebe." Alimrudishia kopo. "Yalikuwa mazito, binti. Siku ile mgongo uliniuma mpaka usiku."

"Mbona sasa hafiki kule ulikoyaweka?"

"Akiwa hai alipima kwa mdomo. Sasa anapima kwa miguu. Miguu haijui kusema uongo, ndiyo maana mimi yangu naificha kwenye buti."

"Ungemwambia mama yangu haya?"

"Mimi nalala laini, Dinah. Nikimwambia mama yako, nitalala wapi?"

Dinah alipopata ruhusa alipanda Mbololo akawaeleza mama yake na Thadeus. Thadeus alikuwa akitengeneza mpini wa shoka. Kwa muda mrefu alikuwa na neno na shemeji yake kuhusu marehemu Mwandawiro. Yeye alitaka kichwa cha kaka yake kifukuliwe kipelekwe pangoni, kikae na vya baba zake kama ilivyokuwa zamani. Mable, mtu wa kanisa, alitaka msalaba wa saruji. Walikuwa wamegombana juu ya hilo misimu kadhaa, ingawa hakuna kati yao aliyeweza kulifikia kaburi.

"Shahidi amepatikana," Thadeus alisema, akaweka shoka chini. "Mtu hai husema uongo kwa sababu ana kesho yake. Aliyekufa ana kesho gani?"

Aliyasema hayo hayo kwenye mkutano wa baraza la wilaya, mbele ya Bwana Shauri. Bwana Shauri, aliyekuwa mkuu wa serikali pale wilayani, alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Akasema haki haiwezi kukatwa kwa maneno matupu, atakuja Jumamosi aone kwa macho yake.

Alikuja na mkewe, amevaa viatu vya kutembelea porini. Mable na Thadeus waliruhusiwa kuingia nao kwa siku ile. Dinah alikuwa amelitia wanga shati la marehemu likasimama lenyewe.

Bwana Pima aligeuka, akafoka. Mke wa Bwana Shauri alipiga yowe akamrukia mumewe, na mumewe naye akacheka kwa namna ambayo makarani wake hawakuwahi kuisikia. Kisha wakashuka ngazi, wakaufuata mnyororo. Miiba ya mkonge ilimchana yule mama miguu asijali. Walipofika kwenye pindo, Bwana Pima alisimama, akanyoosha mkono upande wa nje.

"Hapa mwisho," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani, kwa sauti iliyosikika na wote. "Ile hapana yetu. Ile ya Mwandawiro."

Mable aliinama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina.

"Bwana umesikia," Thadeus alisema.

"Nimesikia," Bwana Shauri alijibu, akijipangusa jasho. "Nywele zimenisimama. Kweli kabisa."

Waliporudi barazani, alikaa akafikiri kwa uaminifu. Akasema jambo limebaki moja tu. Shahidi sharti aape. Dinah alikwenda chumbani kwake akaleta Biblia aliyopewa na misheni. Bwana Pima, ambaye alikuwa mtu wa adabu mbele ya serikali, alikipokea kile kitabu. Kilimpita kiganjani kikaangukia kwenye karai la chai.

"Kikombe anashika," Thadeus alisema. "Mnyororo anashika."

"Hivyo ni vyake," Kitheka alisema akiangalia buti zake. "Vitu vyake hushika."

"Basi iletwe Biblia yake mwenyewe."

Bwana Shauri alimtazama Dinah. "Alikuwa nayo?"

Dinah alikuwa amepangusa nyumba ile rafu kwa rafu kwa miaka. "Hakuwa nayo, Bwana."

"Pole sana, wazee," Bwana Shauri alisema, na ilionekana amesikitika. Alimpa meneja mkono, akamwambia kwa muda mrefu hajapata alasiri nzuri kama ile. Dinah aliitoa Biblia kwenye karai akaianika dirishani. Kurasa zilikauka zikiwa na rangi ya majani ya chai, na Zaburi zikabaki zimegandana.

Kwa kuwa mke wa Bwana Shauri alichanika miguu, meneja aliona ni aibu. Wiki iliyofuata alitoa watu wafyeke mkonge pale marehemu anapopita, pawe na ujia wa kutosha wageni wawili, na kando yake wapange mawe yaliyopakwa chokaa ili hata jua likishuka mtu asipotee. Kitheka ndiye aliyeyabeba. Alisema haya yalikuwa mepesi kuliko yale ya kwanza.

Hivyo mpaka ukaandikwa upya ardhini, mweupe, jiwe kwa jiwe, pindo na yote. Kutoka Mbololo ulionekana vizuri hata na mtoto. Watu waliokwenda kuteka maji walitua mitungi wakaonyeshana: hapa ni kampuni, hapa ni kwa Mwandawiro. Kwa Mwandawiro mkonge uliendelea kukatwa kila zamu, na kupelekwa mtamboni, na kuanikwa, na kupakiwa kwenye gari la moshi.

Mable alikaa siku nyingi akiutazama ule mstari. Halafu akafua kitambaa chake cha kichwa, akashuka. Alifika langoni akapanga foleni nyuma ya mafundi cherehani wa Mombasa, akatoa kiingilio.

"Mama Dinah," Kitheka alimwambia kwa sauti ya chini, "wewe unakuja kuogopa?"

"Kwani kuna kazi nyingine humu?"

"Jembe haliingii."

"Nina vidole."

Alipita barazani na wenzake, akafokewa. Alishuka ngazi na wenzake. Pale kwenye pindo, Bwana Pima aliposimama kutamka maneno yake na wageni kumzunguka, Mable alivuka mawe meupe, akapiga magoti penye tuta dogo kati ya mashina mawili, akaanza kung'oa majani. Aling'oa upesi, kwa mikono miwili, akimsimulia mumewe habari za nyumbani, nani ameolewa, mbuzi yupi amezaa. Kisha alilia, kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kulilia pale tangu mazishi. Mnyororo ulipoanza tena kusogea, alijifuta mikono akaufuata.

Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyingine. Wageni walianza kumtafuta kwa macho. Alipopiga magoti na kulia, wanawake walishikana, na hata wanaume waliokuja kwa dharau walinyamaza, na Bwana Pima aliposema "Ile ya Mwandawiro," yowe lililotoka lilisikika mpaka relini.

"Yule mama anajua kuogopa," fundi mmoja wa Mombasa alimwambia mwenzake langoni, akimenya ndizi. "Mimi nilikuwa najikaza. Nilipomwona yeye, nikaachia."

Meneja naye alikuwa ameona. Alimwita Dinah jikoni, akamwambia mama yake asitoe kiingilio tena, apite bure kila Jumamosi. Ombi lake lilikuwa dogo tu: alie mapema kidogo, kabla Bwana Pima hajasema, ili walio nyuma nao wawahi kuona.

Dinah alimfikishia mama yake maneno hayo kama yalivyo. Walikuwa wameketi nyuma ya jiko, Mable akichambua mchicha.

"Msalaba je? Ulimwuliza?"

"Amesema utaonekana kama kanisa, watu hawataogopa."

"Na baba yako mdogo na mambo yake ya pango?"

"Kuchimba amekataa kabisa. Amesema kaburi likitoka, watakuja kuona nini?"

Mable aliendelea na mchicha mpaka ukaisha. "Maua?"

"Maua amekubali. Meupe, yaonekane jioni."

"Basi mwambie nitalia anapotaka," Mable alisema, akasimama akikung'uta leso. "Ila nikishaanza asinikatize."

Jumamosi ile Dinah alinyoosha shati, akaanza na ukosi. Alichemsha chai, akaangalia karai kama liko mahali pake. Wageni waliingia, wakafokewa, wakashuka, na nyumba ikawa kimya. Alifungua dirisha la jikoni. Alimsikia mama yake akianza kulia, mapema kidogo, na halafu sauti ya marehemu ikitaja jina la baba yake kwa usahihi, na halafu yowe la watu wote, refu, la furaha. Dinah aliongeza kuni, kwa kuwa Bwana Pima hupenda chai ya pili akirudi.